Kuijadili riwaya ya mzimu yenye nyakati mbili: mwongozo kwa vikundi vya wasomaji Mombasa

Riwaya ya fumbo inayosimuliwa kwa nyakati mbili, ya zamani na ya leo, huku mzimu ukipita baina yake, humnogea msomaji akiwa peke yake kisha ikawaponyoka wote siku ya mkutano. Mambo matatu ndiyo huharibu mjadala wake, na yote yanazuilika. Watu hufika wakiwa sura tofauti, na aliyemaliza hawezi kuzuia ulimi. Majina na miaka ya vizazi vitatu huchanganyika hata hakuna anayekumbuka nani ni bibi ya nani. Na mzimu ukitajwa tu, mazungumzo yanahama kitabuni na kwenda kwenye nyumba fulani ya Kibokoni au mbuyu fulani wa Likoni, na saa nzima inakwisha.

Mwongozo huu unafaa kikundi cha watu sita hadi kumi. Mkizidi hapo, kaeni meza mbili, kwa sababu kazi ya vikaratasi iliyoelezwa hapa chini haifanyiki watu wakichungulia juu ya mabega ya wenzao.

Kukikata kitabu pahali pake

Kitabu cha kurasa 350 hadi 400 kipeni wiki tano na mikutano miwili. Mkutano wa kwanza uwe watu wamefika kama theluthi mbili, wa pili wakiwa wamemaliza. Mkutano mmoja tu wa mwisho huua raha kubwa ya riwaya hizi, ambayo ni kukisia pamoja.

Mahali pa kukata pasiamuliwe kwa kugawa kurasa. Mtu mmoja, anayekubali kukosa raha ya kukisia, asome kitabu chote kwanza na atafute sura ambamo mhusika wa leo anagundua kwamba habari aliyorithi kwa wazee wake si ya kweli. Karibu kila riwaya ya nyakati mbili ina sura hiyo. Kateni kabla yake, na mkate pale ambapo nyakati zote mbili zimekwisha kuguswa. Mkiikata katikati ya sehemu ya zamani, nusu ya kikundi watakuja na swali ambalo sura inayofuata inalijibu, na mkutano utakuwa wa kubahatisha kitu kilicho ukurasa wa pili.

Tajeni sura, msitaje ukurasa. Chapa za kitabu kimoja hutofautiana, na kwenye simu ukurasa hubadilika mtu akikuza herufi. Wanaosikiliza kitabu kwa sauti wana tatizo lao: programu nyingi huhesabu matangazo ya mwanzo au dibaji kuwa sura ya 1, kwa hiyo sura yao ya 24 huenda ikawa ya 22 au 23 kwa wenye karatasi. Dawa ni kuwatumia wote maneno matano ya kwanza ya sura ya mwisho kusomwa. Msikilizaji pia haoni mwaka ulioandikwa juu ya sura, na akipitwa na neno hilo moja anaweza kusikiliza dakika ishirini akidhani yuko leo. Mwandikieni orodha fupi ya sura na miaka yake, bila neno jingine.

Kuna msomaji anayeruka: anasoma sura zote za zamani mfululizo, kisha anarudi kwa za leo. Mwombeni asifanye hivyo mara ya kwanza. Mwandishi amepanga kitu kionekane leo kabla hakijaelezwa zamani, au kinyume chake, na taharuki yote imo katika mpangilio huo.

Kwenye WhatsApp fungueni vikundi viwili: kimoja cha sura za mwanzo mpaka mlipokata, kingine cha waliomaliza. Kikundi kimoja chenye onyo la “usisome kama hujafika” hakisaidii, maana ujumbe huonekana juu ya simu kabla mtu hajaamua kuufungua.

Ramani ya vikaratasi

Nunueni manila mbili na muziunganishe kwa selotepu ubavu kwa ubavu. Pigeni mistari miwili mirefu: wa juu Zamani, wa chini Leo. Kateni karatasi za A4 vipande vinane kila moja, rangi mbili, rangi moja kwa kila wakati. Riwaya ya sura 40 itakula karatasi tano na ziada kidogo.

Kila kikaratasi ni sura moja, na kina mambo matano tu: namba ya sura, nani anasimulia, mwaka na msimu, kitu gani kinachoshikika kimeonekana (ufunguo, picha, pete, barua), na alama ya msalaba ikiwa mzimu umetokea. Gawaneni sura kabla ya siku ya mkutano, kila mtu nne au tano. Hapa watu wenye bidii hukosea kwa kuandika muhtasari mzima, na ramani ikawa haisomeki ukiwa umekaa kitini. Herufi ziwe kubwa, maneno yasizidi kumi na tano.

Vikishapangwa, chukueni uzi na muunganishe kila kitu kinachoonekana juu na chini. Pete ya sura ya 3 ya zamani iliyo kidoleni mwa mtu sura ya 18 ya leo ni uzi mmoja. Uzi ukiwa umetoka juu haujafika chini popote, hilo ni swali la mkutano. Mara nyingi ndiyo fumbo lenyewe.

Kukagua miaka, misimu na saa

Sehemu hii inastahili subira, kwa sababu wasomaji wa pwani wana ujuzi ambao mhariri wa London au New York hana. Tuchukue mfano wa kubuni: nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, bibi harusi wa miaka 17 aliyetoweka mwaka 1936, na mjukuu wa ndugu yake, tumwite Zuhura, anayerithi nyumba hiyo 2016.

Anzeni na umri. Mdogo wake bibi harusi aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1936 atakuwa na 89 mwaka 2016, shahidi anayewezekana. Akiwa alikuwa na 16 siku hizo, leo ana 96. Fanyeni hesabu hii kwa kila mzee aliye hai ndani ya kitabu. Kosa la miaka kumi hutokea, na likitokea amueni mapema kama ni kosa la mwandishi au ni mhusika anayedanganya umri wake.

Kisha mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 80 ya miladi ni karibu 82 na nusu ya Hijria. Ramadhani ya 1936 ilianza katikati ya Novemba. Ya 2016 ilianza mapema Juni. Kama kitabu kinasema bibi harusi alitoweka Ramadhani, mvua iliyokuwa ikinyesha usiku ule ilikuwa ya vuli, si ya masika, na Zuhura anayefunga mwaka 2016 yuko katika upepo wa kusi.

Pepo zenyewe ni ushahidi. Majahazi ya Arabuni yalikuja Mombasa na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, na kurudi kusi inapoanza. Mhusika anayeapa kwamba mume alifika kutoka Maskati kwa jahazi mwezi wa Julai ama ameandikwa na mtu asiyejua bahari hii, ama ni mwongo ambaye mwandishi anataka mumkamate. Tazameni kama kuna mhusika mwingine anayeshtuka kwa maneno hayo. Akiwepo, ni mwongo.

Saa nazo zinahitaji makubaliano. Kitabu cha Kiingereza kikisema saa mbili za usiku wa manane, kwenye kikaratasi andikeni saa nane usiku, na wote wafuate hivyo. Usiku wa Ijumaa kwa wazee wengi wa hapa ni Alhamisi jua likishatua. Kama barua ya zamani inataja usiku wa Ijumaa na mpelelezi wa leo anatafuta Ijumaa jioni, amekosa siku nzima, na mwandishi mzuri anaweza kuficha ufumbuzi hapo hapo.

Vitu vingine vya kukaguliwa haraka: Kenya ilianza kutumia shilingi mwaka 1921, kabla yake ilikuwa rupia na, kwa muda mfupi, florini. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931 na hili la sasa 1980. Fort Jesus ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, basi mfungwa wa 1936 ndani yake ni sawa, mtalii wa 1936 si sawa.

Riwaya nyingi za namna hii zimewekwa Uingereza, na huko pia kuna mitego inayojulikana. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Mhusika wa leo akimpata mtu “kwenye sensa ya 1931” nyumbani Yorkshire, kuna tatizo. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma 2022, hivyo hadithi ya leo iliyowekwa 2010 haiwezi kuitumia.

Mkitaka kuuliza mzee anayeujua Mji wa Kale, msimpelekee kitabu. Mwendeeni kwa adabu, mmwamkie, na muwe na maswali matano tu yaliyoandikwa: jikoni palikuwa wapi, wanawake walipita mlango gani, daka, yaani kibaraza cha mlangoni, liliangalia upande gani, nani alilala ndani, dari ilifikiwa kwa ngazi gani. Majibu yake yatumieni kuchora ramani ya nyumba ya kitabu. Bila mchoro hamtaweza kuamua kama nyayo zilizosikika juu zilikuwa za mtu aliyeweza kushuka bila kuonekana.

Mzimu ni shahidi

Katika riwaya hizi mzimu ndio mdomo wa wakati wa zamani, ndiyo maana unapaswa kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote. Swali la “je, mizimu ipo?” liacheni nje ya nusu ya kwanza ya mkutano. Swali lenu ni: mzimu huu unajua nini, na nani mwingine angeweza kukijua?

Chukueni daftari, mpige safu nne kwa kila utokeaji. Safu ya kwanza ni sura. Ya pili ni aliyeuona na hali yake: macho kabisa, baina ya usingizi na macho, mgonjwa, mwenye msiba. Ya tatu ni nani mwingine alikuwepo na aliona nini. Ya nne ni habari mpya iliyoletwa, na hiyo ndiyo inayoamua.

Turudi kwa Zuhura. Usiku wa kwanza ananusa udi chumba kikiwa kitupu. Habari mpya: hakuna. Majirani wanafukiza, na madirisha ya Mji wa Kale yametazamana. Usiku wa tatu anasikia nyayo juu. Habari mpya: hakuna bado, kwa kuwa dari za boriti za mikoko hulia joto likishuka usiku, na popo huingia darini. Usiku wa saba anamwona mwanamke amesimama, mkono umeelekezwa ukutani, na nyuma ya lipu panapatikana kidaka kilichozibwa chenye barua. Hapa kuna habari. Sasa rudini nyuma, sura kwa sura: je, Zuhura alipata kuona picha ya chumba hicho kabla kidaka hakijazibwa? Ikiwa sura ya 4 alishika picha hiyo hata kwa sentensi moja, mwandishi amewaachia mlango wa pili, kwamba akili yake ilijua kabla yeye hajajua. Ikiwa hakuna picha, wala mzee aliyesimulia, wala fundi aliyegonga ukuta, basi ndani ya kitabu hiki mzimu ni wa kweli na hakuna haja ya kubishana zaidi.

Mhakiki Tzvetan Todorov alieleza jambo hili mwaka 1970: kuna hadithi ambazo ajabu yake mwishowe inapata maelezo ya kawaida, kuna ambazo ajabu inakubaliwa kuwa ajabu, na katikati kuna zile zinazomwacha msomaji akisitasita. Mpeni kila mtu kura mbili, moja mkutano wa kwanza na moja wa pili: kawaida, ajabu, au katikati. Mtu aliyebadili kura aonyeshe sura iliyombadilisha.

Maelezo ya kawaida ya kujaribu kabla ya kupiga kura ni jinamizi, ambapo mtu huamka mwili haujiwezi na huona mtu chumbani; jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, ambalo hewa yake yenye sumu huleta kichwa kuuma na maruweruwe; na ulaghai. Riwaya zilizowekwa karne ya 19 zina vikao vya kuita roho, na humo ulaghai uwe wa kwanza kufikiriwa. Dada wa ukoo wa Fox, waliolianzisha wimbi hilo Hydesville, New York, mwaka 1848, walisifika kwa milio ya kugonga iliyodaiwa kuwa ya mizimu. Mwaka 1888 Margaret Fox alikiri hadharani kwamba walikuwa wakializa viungo vya vidole vya miguu, ingawa mwaka uliofuata aliyakana maneno yake.

Katika kikundi cha Mombasa kutakuwa na anayesema: wafu hawarudi, roho zao ziko barzakh zikingoja Kiyama, huyo mwanamke ni jini. Msimnyamazishe, wala msiugeuze mjadala darasa la dini. Pokeeni neno lake kama usomaji, kwa sababu linafungua mlango ambao wasomaji wa kwingine hawauoni. Kama kinachotokea ni jini aliyevaa sura ya bibi harusi, au karini wake, yaani jini aliyefuatana naye maishani, basi ushahidi wake hauaminiki moja kwa moja. Anaweza kumwonyesha Zuhura barua ya kweli ili amfikishe kwenye hitimisho la uongo. Someni tena kila utokeaji wa mzimu kwa jicho hilo. Baadhi ya riwaya zinastahimili usomaji huu vizuri kuliko ule wa mwandishi mwenyewe.

Liko pia suala la haki kwa msomaji wa fumbo. Mwandishi Mwingereza Ronald Knox, alipoandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, kanuni yake ya pili ilizuia nguvu za ghaibu kabisa, na ya tatu iliruhusu chumba au njia ya siri moja tu. Riwaya yenye mzimu na muuaji kwa pamoja imekataa kanuni hiyo makusudi, basi ipimeni kwa kipimo hiki: mzimu unaruhusiwa kuonyesha mlango, hauruhusiwi kumtaja muuaji. Ukimtaja, mpelelezi hana kazi na vidokezo vyote mlivyokusanya vilikuwa mapambo. Waswahili si wageni katika mchanganyiko huu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimweka mpelelezi wake, Bwana Msa, mbele ya mzimu tangu riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, iliyochapishwa 1960, na ni mwenza mzuri wa kusomwa sambamba na riwaya ya kigeni.

Wenye visa vyao vya nyumbani wapeni dakika kumi na tano za mwisho, kahawa ikishamiminwa. Wakijua zamu yao ipo, hawavamii mjadala.

Siku yenyewe

Jumamosi saa kumi alasiri inafaa. Mnamaliza kabla ya magharibi na wanaovuka Likoni hawakwami kwenye feri gizani. Ramani ya manila inataka meza au ukuta na mahali pasipo upepo. Ufukweni Mama Ngina ni pazuri kwa kahawa, lakini vikaratasi vitaruka. Kashata na kahawa chungu vinatosha. Viazi karai viwe baada, kwa sababu vidole vya mafuta na vikaratasi havikai pamoja.

Mkutano wa kwanza uende dakika tisini. Kumi na tano za mwanzo, kila mtu ataje sehemu moja aliyosimama na kurudia kusoma, bila kusema amependa au hakupenda. Ukianza na kupenda, wenye sauti kubwa wanaweka msimamo na waliobaki wanafuata. Ishirini na tano ni za ramani na nyuzi, thelathini za daftari la mzimu. Kumi ni za makisio: kila mmoja aandike kwenye karatasi nani alifanya, kwa nini, na sura mbili zinazomthibitishia, atie sahihi, ziingie bahasha, bahasha ifungwe. Kumi zinazobaki ni za wanaotaka kutetea kura zao. Dakika za visa vya mizimu zinakuja baada ya hapo, na hakuna anayelazimika kubaki.

Mkutano wa pili fungueni bahasha kwanza. Aliyekosea kwa ushahidi mzuri ni mtu wa kusikilizwa kuliko aliyepatia kwa bahati, maana ushahidi wake unaonyesha mtego ulipowekwa. Kisha tafuteni vidokezo vitatu vya kweli vilivyokuwepo kabla ya mahali mlipokata. Vikikosekana, mwandishi amewaficha na kikundi kina haki ya kulalamika. Sadfa hesabuni pia: moja inavumilika, mbili zinatiliwa shaka.

Lalamiko la kawaida litakuwa kwamba sura za zamani ni tamu na za leo ni chapwa. Lipimeni hivi: ondoeni vikaratasi vyote vya Leo kwenye ramani. Kama fumbo bado linafumbuka, mhusika wa leo alikuwa msomaji wa barua tu. Kama halifumbuki, tafuteni sura ambayo ugunduzi wa leo unabadilisha maana ya jambo mlilokwisha kulishuhudia zamani. Mara nyingi uchapwa hutokea pale msomaji alipojua jambo sura ya 10, na Zuhura akahangaika nalo mpaka sura ya 26 bila kuongeza kitu. Andikeni namba hizo mbili za sura. Umbali baina yake unaeleza uchovu wa watu vizuri kuliko neno “inachosha”.

Mkimaliza, pigeni picha ramani kabla ya kuibandua, na vikaratasi vya kitabu hicho vifungwe kwa mpira pamoja na bahasha. Kitabu kinachofuata kisiwe cha nyakati mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu ya aina nyingine ndipo mrudi, na mkirudi, mshika daftari la mzimu awe mtu mwingine.